Siagi iliyogoma: kisa cha pipa moja la malai huko Kerry

Saa kumi na dakika arobaini na tano jioni, baada ya saa mbili na nusu za kutwanga, kifuniko cha pipa kilianza kunyanyuka chenyewe. Nilidhani ndiyo siagi imetoka. Nikafunua. Ndani kulikuwa na povu tupu, jeupe pe, limejaa mpaka mdomoni na jingine limeshaanza kutiririka kwenye mbao za nje. Nikatumbukiza mwiko, ukasimama wima. Hakuna hata chembe ya njano. Bibi, aliyekuwa amekaa karibu na jiko, alinyoosha shingo akatazama, akasema maneno mawili ya Kiairishi ambayo sikuyaelewa, na sikuomba tafsiri.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu anayetengeneza siagi kwa mkono atakutana nacho siku moja, na ushauri atakaopewa mwingi ni wa mikono: suka zaidi, suka kwa nguvu, pokezana na mwenzio. Sisi tulisuka. Mabega yangu ni shahidi. Kosa lilikuwa limeshafanyika siku tano kabla mchi haujaingia kwenye pipa, na nililifanya mimi.

Mahali ni Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi, mwezi Novemba. Mimi ni mtoto wa Karagwe. Kazi yangu huku ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na siku zangu za mapumziko nyingi huishia kwa bibi mmoja mwenye shamba dogo na ng'ombe mmoja. Nilipomzoea nikaanza kumwita Bibi. Aliuliza maana yake, akaridhika nayo. Yeye huniita a stór, yaani hazina yangu, jina ambalo humpa pia mbwa. Siagi alifundishwa na mama yake akiwa msichana, kwenye pipa hilihili, akaja kuacha miaka mingi iliyopita kama wengine wote, kwa kuwa dukani ipo na mabega yanazeeka. Mwaka huo alitaka aionje tena kabla ng'ombe hajakaushwa, yaani hajaachwa kukamuliwa ili apumzike kabla ya kuzaa. Yeye angetoa maneno, mimi mikono.

Pipa lenyewe kwa Kiairishi huitwa cuinneog. Ni la mbao, refu, pana chini na jembamba juu, na kifuniko chake kina tundu katikati. Tunduni unapita mchi ambao mwishoni una kibao cha duara chenye matundu. Unapandisha, unashusha. Anayejua kutwanga kisamvu ataupata mwendo haraka, ila lazima ajizuie: huku hupondi kitako cha chombo, unapiga maziwa. Kwetu tunasuka kwa kibuyu, na ile ni kazi ya kukaa. Kibuyu mapajani, unakisukuma na kukivuta, soga zinaendelea. Kazi ya mchi ni ya kusimama, na soga hukatika baada ya dakika kumi.

Ng'ombe ni wa aina ya Kerry, mweusi tii, umbo dogo, mtulivu. Alizaa Februari. Kufikia Novemba alikuwa anatoa lita sita tu kwa siku, ana mimba ya miezi mitano na ushee, na zimebaki wiki chache akaushwe. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe wengi wa nchi hii: huzaa majani yanapoanza kuota, hukauka majira ya baridi. Siagi ya zamani ilifuata kalenda hiyohiyo, ikajaa Mei na Juni, ikanyauka kuelekea Krismasi. Sisi tulichagua mwezi ambao mama yake Bibi, kwa maelezo ya Bibi mwenyewe, alikuwa anapima maneno jikoni.

Maziwa tuliyamimina kwenye mabeseni mapana, yakakaa usiku kucha, asubuhi nikaengua malai. Nasema malai kwa maana ya yale mafuta mazito yanayoelea juu ya maziwa mabichi. Utando wa maziwa yaliyochemshwa ni kitu kingine. Siku tano, maziwa lita thelathini, malai lita nne na nusu. Kila asubuhi niliyaongeza kwenye mtungi. Na siku ya kwanza kabisa Bibi aliniambia, “Weka mahali pa baridi.”

Nikaweka kwenye friji.

Kinywani mwake “mahali pa baridi” ni chumba cha maziwa, kile kijumba kilichopachikwa upande wa kaskazini wa nyumba, ukuta wa mawe mnene, dirisha moja dogo lisiloona jua. Novemba chumba kile hukaa kwenye nyuzi kumi na moja au kumi na mbili za sentigredi. Malai yakikaa humo siku kadhaa huchachuka yenyewe taratibu, yanakuwa mazito na yananukia kama maziwa mgando. Friji ni nyuzi nne. Humo hayachachuki. Yanakaa tu, matamu na magumu. Tulielewana vizuri sana, kila mmoja na lake.

Jumamosi saa nane na robo mchana nilitoa mtungi kwenye friji, nikamimina malai yote kwenye pipa. Pipa linachukua kama lita saba, kwa hiyo yalipita nusu, yakakaribia theluthi mbili. Bibi hakuona, alikuwa anachemsha maji. Nikaanza. Nusu saa ya kwanza ilikuwa nyepesi. Saa nzima ilipotimia yalikuwa mazito, nikafurahi, maana siagi hupitia hatua ya uzito. Saa ya pili uzito haukuongezeka wala kupungua. Mchi ulikuwa unapanda na kushuka bila sauti, kama unautia kwenye godoro.

Hapo akaingia jirani, mzee wa makamo, amekuja kuazima msumeno. Alisimama mlangoni akasema, “Bail ó Dhia ar an obair,” baraka za Mungu kwa kazi hii, kama inavyopasa. Akachukua msumeno akageuka. Bibi akamzuia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo: ashike mchi kwanza. Jamaa akavua kofia, akapiga mara ishirini hivi, akaondoka huku anacheka, lakini alipiga. Ni sheria ya zamani ya Ayalandi: anayeingia nyumba inayosuka hatoki bila kushika mchi, la sivyo ataondoka na siagi. Kulikuwa na nyingine. Moto haukutolewa nje wakati wa kusuka, hata kaa la kuwashia kiko. Asubuhi ya Mei mosi hakuna aliyegawa maziwa. Kijiti cha mti mtakatifu au kiatu cha chuma cha farasi kiliwekwa chini ya pipa. Zipo na simulizi za mkono wa maiti kukorogea maziwa ili kuvuta siagi ya majirani. Mambo haya huitwa piseoga.

Siku hizi mtindo ni kusema kila mila ina sayansi ndani yake. Nakubali nusu. Kumshikisha mgeni mchi kulimpa mama mwenye nyumba dakika mbili za kupumzisha mabega, na chuma kilichotoka motoni, kikiwekwa chini ya pipa lililopoa, kinapasha. Kijiti cha mti hakipashi kitu. Na siagi ilipogoma kila wiki katika nyumba moja, jina lililotajwa kwa kawaida lilikuwa la kikongwe wa jirani, mara nyingi mjane, aliyesemekana hujigeuza sungura akawanyonya ng'ombe alfajiri. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa mashtaka ya namna hiyo yanamwachia nini mtu aliyeshtakiwa. Yote hayo kwa jambo ambalo, mara nyingi, lingejibiwa na kipimajoto.

Nacho kilikuwa kwenye mkoba wangu wa kazi: kile cha kupimia maji ya kuogeshea wazee. Sikukikumbuka. Nilichokumbuka ni kumpigia mama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?”

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. “Hayo maziwa yamelala?”

“Yalikuwa kwenye friji, mama.”

“Sikuuliza yalikuwa wapi. Yamelala, hayakulala?”

“Hayakulala.”

“Basi utasuka mpaka Krismasi. Ng'ombe ana mimba?”

“Ya miezi mitano.”

“Ee. Na wewe ukaona ndiyo wakati. Haya, mimina kikombe cha maji ya moto humo, uendelee.”

Nilipokata simu, Bibi naye alikuwa ameshasimama na birika mkononi. Wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana, dawa moja. Na dawa hiyo, nasema kwa heshima zote, si nzuri. Maji yanayochemka yakiingia moja kwa moja kwenye malai yanayeyusha mafuta pale yanapogusa na kuyaacha baridi pengine. Siagi inaweza kutoka, ndiyo, lakini hutoka ya kunatanata, imepauka, na maji yamejificha ndani yake. Nikamwomba Bibi dakika mbili. Ndipo kipimajoto kikakumbukwa, nikakiosha, nikakitumbukiza chini ya povu. Nyuzi kumi. Hiyo ni baada ya saa mbili na nusu za kupigwa ndani ya jikoni lenye moto. Nilipoanza bila shaka yalikuwa chini ya hapo.

Siagi ni jambo la kushikana. Mafuta ndani ya malai ni vitone vidogo mno, kila kimoja kimevaa ngozi yake, na ngozi hiyo ndiyo inayovifanya vielee bila kuungana. Mchi unavigonganisha. Ili vishikane, mafuta yawe nusu magumu nusu laini: sehemu ngumu ipasue ngozi, sehemu laini iwe gundi. Yakiwa na joto mno yote ni laini, vinateleza tu, ukipata siagi ni uji wa mafuta. Yakiwa na baridi mno yote ni magumu, vinagongana kama kokoto na kuachana. Ndiyo maana waliofundisha kazi hii kwa vipimo walitaja nyuzi kumi na tatu au kumi na nne wakati wa joto, na kumi na tano hadi kumi na saba wakati wa baridi. Tofauti hiyo ya misimu inatokana na ng'ombe. Anayekula majani mabichi hutoa mafuta laini, ya njano. Anayekula majani makavu hutoa mafuta magumu, meupe, yanayodai joto zaidi. Na anapokaribia kukauka, vitone vyenyewe huwa vidogo zaidi, na kitone kidogo ni kigumu kukikamata.

Povu nalo lina maelezo yake. Malai mepesi, baridi, yakipigwa, hushika hewa. Chombo kikiwa na nafasi, hewa inaingia na kutoka, malai yanaanguka na kupigika. Kikijaa, povu hupanda mpaka kifuniko, hakuna tena cha kuanguka. Kuanzia hapo unasukuma mto wa pamba. Pipa hujazwa theluthi moja, au nusu kwa kikomo. Mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza yote kwa mkupuo mmoja.

Tulichofanya kilikuwa cha kuchosha kwa namna nyingine, kwa kuwa kilihitaji subira. Nilitoa nusu ya malai nikayaweka kwenye ndoo safi. Pipa na ndoo nikavisimamisha kwenye beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, nikawa nakoroga polepole kwa mwiko na kupima. Povu liliachwa lishuke. Dakika arobaini na tano zilipita kabla kipimajoto hakijasoma kumi na sita, na Bibi alinikumbusha mara tatu kwamba mama yake hakuwa na kipimajoto. Ni kweli. Mama yake alikuwa na kiwiko cha mkono na uzoefu wa miaka arobaini.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nikaanza upya. Dakika kumi na tano hakuna kitu. Dakika ya kumi na nane mchi ukawa mzito ghafla, nikaogopa tumerudi kulekule. Bibi akainua kidole nisiache kupiga. Anasikiliza. Ile sauti ya pamba ikakatika, ikaja nyingine, ya majimaji, chubwi, chubwi, na kuzunguka tundu la kifuniko zikaanza kujipanga punje za njano iliyopauka, ndogo kama mtama. Mchi ulipanda umeoshwa, malai hayaugandi tena. Dakika ya ishirini na mbili Bibi akasema basi. Hapo ndipo pa kusimama, punje zikiwa zinahesabika, kabla hazijawa bonge moja, maana bonge hufungia mtindi ndani na kuosha kunakuwa kazi bure. Nikamwaga mtindi kwenye jagi. Mtindi ule wa asili, unaobaki siagi ikishatoka, Waairishi huuita bláthach, na jagi lile Bibi hakuliacha machoni. Lilikuwa limeshapangiwa mkate wa magadi.

Nusu ya pili ilitoka kwa dakika ishirini na tano. Jumla gramu mia tisa.

Kama ningeishia hapo ningeandika kwamba tulishinda. Lakini ilikuwa saa mbili usiku, zamu yangu ilianza alfajiri, na nikaharakisha. Punje huoshwa kwa maji baridi mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mimi niliosha mara mbili, maji ya pili yalikuwa bado na ukungu mweupe, nikajisemea yanatosha. Chumvi gramu kumi na nane, sawa na gramu ishirini kwa kilo, hicho ni kipimo kizuri cha siagi ya kula nyumbani. Nikaikanda kwa vibao viwili vya mbao vyenye mifereji, vilivyolowekwa ili visinate, lakini ukandaji wangu ulikuwa wa mtu anayetazama saa. Asubuhi Bibi alikata kipande akaona mabaka: mistari meupe na mistari ya njano, kama ubao wa msonobari. Chumvi haikuenea. Siku ya tisa siagi ilianza kutoa harufu kali ya mtindi uliofungiwa, ikahamishiwa kwenye kikaango.

Mabaka hayo yangenigharimu zaidi karne mbili zilizopita. Siagi ya nyumba kama hii haikuliwa yote nyumbani. Ilikuwa ndiyo kodi ya shamba. Ilishindiliwa kwenye mapipa madogo ya kama kilo ishirini na tano, ikasafiri kwa mikokoteni kutoka Kerry hadi Cork, ambako tangu 1770 soko la siagi lilikuwa na wakaguzi wake. Mkaguzi alizamisha chombo cha kutobolea mpaka chini ya pipa, akakitoa na sampuli ya tabaka zote, akatazama, akanusa, akaandika daraja. Soko lile lilikuja kuwa kubwa kuliko yote ya siagi duniani, na siagi yake ilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, imetiwa chumvi ya kutosha kuvumilia joto.

Lakini fikiria mwenye ng'ombe watatu. Kujaza pipa moja kulimchukua wiki kadhaa, na kila wiki ilikuwa na baridi yake, chumvi yake, mgeni wake mlangoni. Chombo cha mkaguzi kiliyatoa yote hayo nje kwa mstari mmoja. Naamini hapo ndipo siagi ya nyumbani iliposhindwa, na ladha haikuhusika. Siku ikitoka vizuri nitaipanga juu ya yoyote ya dukani. Haikuweza kufanana na siagi ya wiki iliyotangulia. Denmark waliweza, kwa viwanda vya ushirika na mashine ya kutenganisha malai iliyotokana na kazi ya mhandisi wa Uswidi, Gustaf de Laval, ya 1878. Ayalandi ilifuata: kiwanda cha kwanza cha ushirika kilianza Drumcollogher, Limerick, mwaka 1889, katika juhudi za Horace Plunkett, kiongozi wa harakati za ushirika nchini humo. Soko la Cork lilifungwa 1924. Wanawake, ambao siagi ilikuwa kazi yao na mara nyingi fedha yake ilipita mikononi mwao, walibaki wakikamua. Hundi ya kiwanda ilikuja kwa jina la mume. Bibi anakumbuka mama yake akilalamikia jambo hilo mpaka anazeeka, na hakuwahi kulalamikia mabega.

Wiki iliyofuata tulirudia. Ng'ombe yuleyule, mimba ileile ikiwa imeongezeka wiki moja. Malai yalikaa chumba cha maziwa siku nne, na baada ya kuongeza ya mwisho tuliyaacha siku nzima yachachuke pamoja. Yalilala, kwa lugha ya mama. Pipa likajazwa theluthi moja, kipimajoto kikasoma kumi na sita. Siagi ilitoka kwa dakika thelathini na nne, mtindi ukabaki mwembamba, nikaosha mara tano mpaka maji yakatoka kama ya kisimani.

Nikipekua daftari langu, watuhumiwa wanne wanapungua. Ng'ombe wa mwisho wa msimu anachelewesha, lakini peke yake hazuii. Mara ya pili alikuwa yeye na siagi ilikuja. Malai kutochachuka hakuzuii pia, kwani jioni ile ya kwanza, baada ya kupashwa, yalikuwa bado matamu na yalitoa. Wamebaki baridi na kujaza mno, na hao niliwarekebisha kwa pamoja mara zote mbili, kwa hiyo siwezi kuapa ni yupi. Dau langu naliweka kwenye baridi, na povu nalihesabu mshiriki tu. Kuthibitisha kulihitaji pipa la tatu: malai ya nyuzi kumi, theluthi moja tu ya pipa, tuone.

Pipa la tatu halikuwepo. Wiki ya pili ya Desemba ng'ombe alikaushwa. Tulilimwagia pipa maji yanayochemka, tukalisugua kwa chumvi, tukaliinamisha mdomo chini kwenye sakafu ya chumba cha maziwa. Kipimajoto nilikiacha kwenye msumari ukutani, na kazini nikanunua kingine. Ng'ombe anatarajiwa kuzaa mwishoni mwa Februari.